Kikanyagio cha Nestori

Shabani na Neema, siku ile nilipowakabidhi funguo za karakana mliniuliza kwa nini nimeking'oa kile kibao cha ukutani, nikawajibu kwamba kimeliwa na mchwa. Kibao chenyewe ni cha bati. Hamkunibishia, kwa adabu zenu, lakini niliona mnavyotazamana. Basi naandika. Macho yangu hayaoni tena mistari ya rangi kwenye rezista, mkono wa kulia unatetemeka nikishika chuma cha kuchomelea risasi, na mke wangu amechoka kuniona nimekaa mlangoni nasalimia kila mpita njia kama mgombea udiwani. Amenipa daftari la mjukuu lililobaki kurasa nyingi, akasema afadhali nikae ndani niandike. Sitaandika nilijenga nini wala nilipata nini. Hayo mnayaona, na si mengi. Nitaeleza nilivyojifunza kazi, halafu nitaeleza habari ya kifaa kimoja tu.

Ufundi wa redio nilijifunzia Ujiji, kwa Mzee Athumani. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la kutazama barabara, na siku ya kwanza sikugusa redio. Alinipa sufuria iliyojaa vipuri vilivyong'olewa kwenye redio zilizokufa, akaniambia nivitenge kwa aina. Nilipomaliza akavimwaga tena sakafuni, akaniambia nivitenge nimefumba macho. "Utakuja kufanya kazi umeme umekatika," alisema, na katika hilo hakukosea hata kidogo. Chuma cha kuchomelea risasi tulikuwa tunakipasha kwenye jiko la mkaa, jiko lilelile ambalo mkewe alipikia maharage, kwa hiyo kila kazi ilingoja chungu kishuke. Nilijifunza uvumilivu pale kabla sijajifunza transista.

Mzee alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza: chombo hakitoki mpaka mwenyewe asikilize. Sharti lilikuwa na chanzo chake. Zamani mtu mmoja wa Ilagala alimtuma mdogo wake kuchukua redio. Mdogo mtu akaiangusha majini wakati wa kushuka mtumbwini, akafika nyumbani akasema fundi ameiharibu. Kesho yake mwenye redio alisimama dirishani kwa Mzee Athumani na panga. Tangu hapo kila mteja alikaa kwenye benchi, redio ikawashwa mbele yake, akasikiliza, kisha akasema kwa sauti, mbele ya watu, "Nimesikia." Akishasema hivyo, lawama imekwisha. Mafundi wengine wa Ujiji walitucheka, wakasema kwa Athumani kuchukua redio ni kama kufunga ndoa, lakini baadaye wengi wao waliiga.

Nilipoanza kujitegemea nikahamia Mwanga, chumba hichohicho mlichokirithi, katikati ya mafundi cherehani, hatua chache kutoka sokoni. Sharti la mzee nilihama nalo. Nililiandika kwa rangi nyeupe kwenye kipande cha bati, nikakipigilia ukutani juu ya meza.

Sasa nafika kwenye miaka ya wakimbizi. Ninyi mlikuwa wadogo, labda mnakumbuka malori tu. Kambi zilikuwa zimejaa watu kutoka Burundi na Kongo, na redio zao zilinijia zikiwa zimevuka ziwa pamoja nao. Unafungua kifuniko cha nyuma unakuta mchanga, unakuta kutu, mara nyingine unakuta picha ndogo ya mtoto iliyofichwa nyuma ya spika. Nilijifunza kutouliza. Unasafisha, unairudisha picha palepale ulipoikuta, unafunga. Mtu akija anasikiliza, anasema "Nimesikia," halafu haondoki. Anabaki kwenye benchi kungoja taarifa ya habari ya Kirundi, kwa sababu kambini hana betri, na kwa sababu kusikia jina la tarafa yako ukiwa na watu kuna nafuu kuliko kulisikia ukiwa peke yako. Kuna mama mmoja alilisikia jina la kwao pale, akainuka, akaniaga vizuri, akasahau redio yake. Hakuirudia.

Sheria ilikuwa kwamba mkimbizi hatoki kambini bila kibali. Kibali kiliandikwa jina, mahali unakokwenda na siku ya kurudi. Wapo waliotoka hivyohivyo, hasa kina mama waliokuja kuuza mafuta na unga wa mgao ili wanunue sabuni na dagaa, na siku nyingi hao hawakuguswa. Wanaume waliguswa. Kila mtu Mwanga alilijua hilo, nami nililijua. Nawaomba mlikumbuke hilo mnapoendelea kusoma, kwamba nililijua.

Nestori alikuja na kibali mfukoni na amplifaya ya kwaya mgongoni, imefungwa kwa kitenge kama mtoto. Alikuwa Mrundi, mtu mrefu, mwembamba, wa umri wangu, mpole wa kupitiliza. Alikuwa mpiga gitaa wa kwaya ya kanisa la kambini. Amplifaya ilikuwa imeungua fyuzi tu, kazi ya dakika kumi. Nikaiwasha, akasikiliza, akasema "Nimesikia." Halafu, kama wenzake wote, hakuondoka.

"Fundi," akasema, "unaweza kunitengenezea ukuta?"

Nikamwambia waashi wako kule nyuma ya soko.

Hakucheka. Akanieleza kwamba kule kwao, mlimani, kanisa lilikuwa la matofali, paa liko juu sana. Ukipiga uzi wa gitaa, sauti inakwenda mpaka ukuta wa nyuma, inarudi. Wazee waliotunga nyimbo za kwaya yao walizitunga humo ndani, kwa hiyo waliacha nafasi katika kila ubeti kwa ajili ya ile sauti inayorudi. "Kambini kanisa ni turubai," akasema. "Turubai linakula sauti. Napiga, nanyamaza, nangoja, hakuna kitu kinachorudi. Kwaya nzima inangoja na mimi. Na palepale tunapongoja ndipo watu wanaanza kulia. Mmoja akianza, basi. Hatujamaliza wimbo hata mmoja tangu tufike."

"Si mjaze nafasi kwa ngoma?" nikamuuliza.

"Tulijaribu. Ukawa wimbo mwingine." Akaiweka mikono juu ya amplifaya. "Pasaka ninataka waimbe mpaka mwisho, fundi. Mara moja tu."

Vile visanduku vya mwangwi nilikuwa nimeviona. Wapiga gitaa wa bendi za Kongo waliokuja kupiga kwenye mabaa yetu walikuwa navyo, wanavikanyaga kwa mguu na gitaa moja linakuwa kama matatu. Vilikuwa vya dukani Ulaya. Sikuwahi kufungua hata kimoja, lakini sikumwambia hivyo. Nilimuuliza sauti ya kanisani kwao ilichukua muda gani kurudi. Akafikiri, akafumba macho, akapiga kofi moja, akangoja, kisha kwa mdomo akasema "ta." Nikachukua kinasa sauti, nikaweka kaseti, nikamwambia arudie. Alirudia mara nyingi. Kofi, halafu ta. Muda ulikuwa uleule kila mara, niliupima.

"Inarudi mara ngapi?"

"Tatu," akasema. "Ya nne unaidhania tu."

Hapa ninyi vijana ndipo nataka mnisome vizuri, maana kazi hii siku hizi mngeinunua imekamilika kutoka kwenye simu zenu.

Pale chini ya meza nilikuwa na mashine ya karaoke iliyoungua, ya baa moja ya karibu na bandari. Mwenyewe aliikatia tamaa baada ya bia kumwagikia transfoma. Mashine zile zilikuwa na kitufe cha eko, yaani mwangwi, kwa ajili ya walevi wanaotaka kuimba, na nyuma ya kitufe kulikuwa na aisii ndogo, kile kipuri cheusi, ya miguu kumi na sita. Nikaing'oa kwa kuyeyusha risasi mguu mmoja mmoja, asubuhi nzima, maana ukiivuta kwa nguvu imekufa. Aisii ile inataka volti tano, na betri ndogo ya mraba inatoa tisa, kwa hiyo nikaweka mbele yake kipuri cha miguu mitatu cha kupunguza. Rezista iliyo kwenye mguu wa sita ndiyo inayoamua mwangwi ukae muda gani kabla haujarudi. Ukiiongeza mwangwi unachelewa, lakini ukizidisha unakuja na mchakacho kama mtu anayekaanga dagaa. Ukiipunguza mno wakati wa kuwasha, aisii inakwama, haisemi lolote. Hilo nililigundua kwa siku nne za kulaani kitu kisicho na kosa. Dawa yake ni rezista moja ya kudumu nyuma ya voliumu, yaani rezista ya kuzungusha kwa kidole, ili hata mtu akiifunga mpaka mwisho ibaki kidogo.

Voliumu nikaweka tatu: ya muda, ya idadi ya marudio, na ya kuchanganya sauti halisi na inayorudi. Ile ya marudio ukiifungua sana kifaa kinaanza kujisikiliza chenyewe mpaka kinapiga yowe, na mafundi cherehani wa jirani walikuja mlangoni kuuliza kama kuna mtu ameungua. Swichi ya kukanyaga nilitoa kwenye tivii ya zamani, zile za kubonyeza zinazobaki ndani mpaka ubonyeze tena. Ni imara, zinavumilia kisigino. Sanduku lilikuwa kile kiboksi cha chuma kinachofukiwa ukutani kwa ajili ya swichi ya taa. Vyote vikaingia humo, pamoja na betri. Kilikuwa kama kipande cha mche wa sabuni, na kifuniko ndicho kilichokosekana.

Kifuniko kililetwa na Goreti. Huyo ni mke wa Nestori, mama wa watoto watatu. Alikuja na kina mama wenzake siku ya kuuza mafuta, nami nilikuwa nimemwambia Nestori nahitaji bati nene kidogo. Alilitoa kwenye kikapu, kopo la mafuta ya mgao lililokatwa na kunyooshwa kwa nyundo, safi kabisa. Aliniamkia, akaliweka mezani, akakaa kwenye benchi mkono kwenye shavu akitazama ninavyolikata. Alipotaka kuondoka akaniuliza kama kile kidude kweli kitarudisha sauti. Nikamwambia angoje aone.

Jumanne ya juma la Pasaka nilikimaliza. Nikaazima gitaa kwa kijana wa bendi, mimi gitaa sijui kupiga, najua kukwaruza tu. Nikaweka ile kaseti ya Nestori kwenye kinasa sauti, nikawa napiga uzi mmoja pamoja na kofi lake, na kuzungusha voliumu ya muda kidogo kidogo. Mwangwi ukawa unakuja mapema, ukawa unachelewa, ukawa unakuja mapema. Kisha ukakaa. "Ta" ya Nestori kwenye kaseti na mwangwi wa kifaa changu vikaja pamoja, havitofautiani hata unywele. Ukarudi mara tatu ukafifia. Nilirudia mpaka betri ya kinasa sauti ikaisha. Nilifurahi siku ile kuliko siku ya ndoa yangu, na mke wangu akisoma hapa anisamehe. Nikaweka alama ya rangi nyekundu kwenye kila voliumu, ili hata mtoto aweze kuirudisha mahali pake.

Kilikuwa kizima. Jumanne jioni kilikuwa kizima, hakina mchakacho, hakina kasoro yoyote. Naliandika hili mara mbili kwa makusudi.

Jumatano akaja Goreti.

"Fundi, Nestori amenituma. Anasema kama kimekwisha nikichukue, Jumapili ndiyo Pasaka."

Kilikuwa mezani, nimekifunika kwa kitambaa. Nikamwambia, "Kimekwisha, shemeji. Lakini lazima mwenyewe aje asikilize."

"Hawezi kuja. Vibali hawatoi mpaka baada ya sikukuu."

Nikamwonyesha kibao. "Ndio utaratibu wa hapa, kwa kila mtu. Aje na gitaa lake. Jumamosi saa nne nitakuwa namngoja."

Akakitazama kibao, akakisoma neno kwa neno huku midomo inacheza. Kisha akasema, "Nikisikiliza mimi haitoshi? Mimi naimba sauti ya pili. Nyimbo zote nazijua, na nafasi zake zote. Kanisa lile nimebatizwa humo."

Nikasema haitoshi.

Akasema, "Atakuja. Namjua, ukimwambia hivyo atakuja." Alisema kwa sauti ya chini, akinitazama, akinipa nafasi. Mimi nikamjibu, "Vizuri."

Sasa niwaambieni. Sharti lile nilikuwa nimelivunja mara nyingi tu. Kulikuwa na mzee wa Mwamgongo aliyekuwa hawezi tena kupanda boti, redio yake nilimpa mwanawe, sikuuliza mara mbili. Redio ya mwalimu aliyelazwa nilimpelekea mwenyewe hospitali. Mzee Athumani naye, kwa ukali wake wote, alikuwa analivunja kwa wajane. Na safari hii hapakuwa na lawama ya kuogopa, kwa sababu masikio ya Nestori nilikuwa nayo tayari kwenye kaseti. Sikumwita kwa ajili ya sharti. Nilimwita kwa sababu nilitaka kuuona uso wake. Nilitaka awe mbele yangu sauti itakaporudi mara ya kwanza, na watu wawepo waone. Sijawahi kutengeneza kitu kama kile kabla wala baada, na nilitaka kusifiwa.

Jumamosi nikaamka mapema. Niliwaalika mafundi cherehani wote wa baraza letu, nikaagiza birika la chai na maandazi, nikakisugua kifaa mpaka kikang'aa. Saa nne ikafika. Amplifaya yangu ya majaribio nilikuwa nimeshaiwasha, inaguruma kidogo, na nyimbo za redioni zinapita humo ili ipate joto. Saa nne na nusu fundi cherehani mmoja, Mama Zuhura, akaniuliza kama mgeni rasmi amepotea njia. Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikaongeza sauti ili asije akapitiliza mlango.

Akaja mtu kununua betri. Akasema stendi kuna msako, wanakamata wakimbizi, kuna mmoja alikuwa na gunia refu wakadhani ana silaha.

Nikampa betri zake. Nikawa narudi mezani, na katikati ya chumba nikasimama. Nilikuwa nimemwambia aje na gitaa lake.

Kutoka karakana mpaka stendi hazifiki dakika tatu, mnapajua. Lori lilikuwa limeshajaa. Nestori alikuwa amesimama nyuma, karibu na ubavu, gunia la gitaa mikononi mwake, limefunguliwa mdomo na shingo ya gitaa inaonekana. Nilimwendea mmoja wa wale waliokuwa wanakamata, nikamwambia yule ni mteja wangu, nimemwita mimi. Akaniuliza, kwa heshima kabisa, "Ana kibali?" Nikasema hana, lakini kosa ni langu. Akasema, "Mzee, kibali hakiangalii kosa la nani," akanigeuzia mgongo. Nilikuwa na miaka arobaini tu, akaniita mzee. Watu pembeni wakaniambia nisihangaike, watarudishwa kambini tu, jioni watakuwa wamefika. Nami nikaamini, kwa sababu nilitaka kuamini.

Nikasogea chini ya lori. Nestori akaniona, akainama.

"Fundi. Inarudi?"

"Inarudi."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Akafumba macho kama alivyofumba siku ile ya makofi. Nikajua anaisikiliza. Basi uso niliomwitia mtu kutoka kambini niliuona, niliuona pale, kwenye lori. "Mpe Goreti," akasema. Nikamwambia angoje nikimbie nikilete, dakika tano. Lakini injini ilikuwa imeshawashwa, na nilipofika mlangoni kwangu nikasikia lori likibadilisha gia kupanda kilima. Mafundi cherehani walikuwa bado wamekaa. Mama Zuhura akaondoa vikombe bila kuniuliza kitu.

Hawakurudishwa kambini. Walivushwa mpaka. Hilo nililijua baada ya Pasaka, kutoka kwa kina mama wa mafuta, na walinieleza pia kwamba Jumapili ile kwaya haikusimama kabisa, maana nusu ya wanaume walikuwa wamejificha na gitaa halikuwapo. Nilikaa na kile kifaa, kimefunikwa kwa kitambaa. Niliulizia njia ya kwenda kambini, nikaahirisha. Nikaulizia tena, nikaahirisha. Kazi zilikuwa nyingi, nilijisemea. Kazi hazikuwa nyingi kiasi hicho.

Masika yalipokwisha ikaja habari ya mwisho. Mtu aliyetoka kule alimletea Goreti habari kwamba Nestori alishuka mpakani, akaanza kutembea kuelekea mlimani kwao, na barabarani, kabla hajafika, aliuawa. Nani alimwua hakuna aliyejua. Vita vilikuwa bado vipo, na mtu peke yake barabarani alikuwa mtu wa yeyote. Alizikwa na watu wasiomjua.

Mtaniuliza kwa nini sikuking'oa kibao tangu wakati ule. Ni kwa sababu ya maneno niliyomwambia Goreti alipokuja kukichukua kifaa. Baada ya maneno hayo, kibao kilibidi kibaki, asije akapita siku moja akakuta hakipo, akajua kwamba sharti lingeweza kuachwa. Miaka mingi baadaye watu wake walirudi kwao, naye akarudi na watoto. Hata hapo nilikiacha. Ninyi mkakikuta, mkakitii, mkawarudisha watu makwao kwa ajili yake, na mimi nikawatazama tu. Msikirudishe.

Goreti alikuja kukichukua siku ya soko, si muda mrefu baada ya habari ile, amefunga kitambaa cheupe kichwani. Nilisimama. Nikampa pole. Nikamkaribisha kwenye benchi, nikaagiza chai. Nikakitoa kile kifaa, nikaeleza alama nyekundu, wapi pa kuchomeka gitaa, wapi pa betri. Aliniambia kijana mwingine wa kwaya amepata gitaa. Akakishika mapajani kwa mikono miwili, akanywa chai, akakaa.

Kisha akasema, "Fundi, nataka kukuuliza kitu. Kilikuwa na kasoro gani?"

"Kasoro?"

"Iliyofanya lazima aje mwenyewe. Watoto wananiuliza. Nikiwaambia alikwenda kusikiliza tu, hawaelewi. Hata mimi sielewi vizuri."

Nilikuwa na muda wa kujibu. Hakunikimbiza. Alikuwa na nusu kikombe bado. Nikamwambia, "Mwangwi ulikuwa haujakaa sawa, shemeji. Bila masikio yake nisingeweza kuupima."

Akaitikia kwa kichwa polepole. "Kwa hiyo bila yeye kisingekwisha."

"Kisingekwisha."

Akavuta pumzi, na mabega yake yakashuka. "Nilidhani ni mimi," akasema. "Kila siku nilikuwa nasema, siku ile sikuomba vizuri. Mwanamke mwingine angejua namna ya kuomba, na fundi angempa."

Nikamwambia hapana, si wewe. Hilo peke yake lilikuwa kweli.

Akamaliza chai yake yote, akakifunga kifaa kwenye pembe ya kitenge, akainuka. "Urakoze cane, fundi," akasema, asante sana, na akanipa mkono wa kulia huku ameushika kiwikoni kwa mkono wa kushoto, kama kwao wanavyompa mtu wanayemheshimu. Nami nikaupokea.